Kinachoziba Chaneli ni Marudio

Mtu anayeanza kutuma data kwa pakiti kupitia redio ya ridhaa huambiwa mapema kwamba chaneli ni mali ya wote na kila mmoja aitumie kwa kiasi. Hilo halina ubishi. Tatizo ni kwamba kiasi chenyewe hakitajwi, na asiyetajiwa hujipimia mwenyewe. Wengi hudhani chaneli hujaa kwa sababu watu wameongezeka, kwa hiyo dawa wanayoifikiria ni kuongeza masafa, kasi au nguvu ya redio. Ushahidi wa zaidi ya miaka 50 unaelekeza kwingine. Chaneli ya pakiti huzibwa na marudio. Pakiti ileile inatumwa tena kwa sababu risiti ya kuthibitisha kwamba imefika haikurudi. Inatumwa tena kwa sababu mwenye kituo ameweka saa ijirudie kila dakika. Inatumwa tena kwa sababu vituo vitano vya milimani vimeisikia na kila kimoja kimeona ni wajibu wake kuipeleka mbele. Kwa hiyo anayetaka kuwa jirani mwema hewani asijiulize tu anatuma nini. Ajiulize kila anachokituma kinatoka mara ngapi, na ni mara ngapi kati ya hizo zenye kazi.

Tuanze na ukubwa wa chaneli yenyewe, maana ni wachache waliowahi kuupigia hesabu. Kwenye VHF, pakiti nyingi bado husafiri kwa biti 1200 kwa sekunde, kwa toni mbili za Hz 1200 na Hz 2200 zilizorithiwa kutoka modemu ya simu ya Bell 202. Hizo ni baiti 150 kwa sekunde. Pakiti ya APRS, mfumo wa kutangaza habari fupi za eneo, inayoeleza kituo kiko wapi, pamoja na anwani zake, hufikia baiti 100 hivi, yaani theluthi mbili za sekunde. Kabla haijaanza kusomeka, redio hupewa muda wa kuamka na kutulia, mara nyingi milisekunde 300 hadi 500. Jumla ni kama sekunde moja. Basi chaneli nzima ya APRS, ambayo kwetu Afrika kama ilivyo Ulaya ni MHz 144.800, ina nafasi zipatazo 60 kwa dakika, tena iwapo kila kituo kingejipanga nyuma ya mwenzake bila kuacha pengo. Vituo havijipangi hivyo hata siku moja.

Gharama ya kutojipanga huko ilipimwa Hawaii. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii, chini ya Norman Abramson, kilianza kuendesha ALOHAnet, mtandao wa redio uliounganisha kompyuta kuu ya Honolulu na vituo vilivyotawanyika visiwani. Vituo vyote vilituma kwenye masafa mamoja, kila kimoja kwa wakati wake, na kilichokosa risiti kilisubiri muda wa kubahatisha kisha kikatuma tena. Hesabu ya Abramson ilionyesha kwamba mfumo wa namna hiyo hauwezi kupitisha zaidi ya asilimia 18 ya uwezo wa chaneli. Watu huikumbuka namba hiyo na kusahau inayofuata, ambayo kwetu ndiyo yenye funzo. Kilele cha asilimia 18 hufikiwa pale ambapo majaribio yote, mapya na ya marudio, yanatosha kujaza nusu ya muda. Yakitosha kujaza muda wote, kinachofika salama hushuka hadi kati ya asilimia 13 na 14. Yakifika mara mbili ya uwezo wa chaneli, kinachofika hakizidi asilimia 4. Yaani kuna mahali ambapo kila anayeongeza bidii ya kutuma anapunguza kinachofika, chake na cha wenzake. Kwa nafasi zetu 60, kilele hicho ni pakiti 11 kwa dakika, za watu wote.

Mwenye kujua atapinga hapo hapo: hao wa Hawaii walituma bila kusikiliza, redio zetu husikiliza kwanza na kusubiri chaneli itulie. Ni kweli, na vituo vyote vinaposikiana kusikiliza huko huongeza sana kinachopita. Lakini sharti lenyewe ni gumu. Mwaka 1975 Fouad Tobagi na Leonard Kleinrock walichapisha uchambuzi wa kinachotokea pale vituo viwili vinaposikiwa na cha tatu bila vyenyewe kusikiana, nao ulionyesha kwamba faida ya kusikiliza huporomoka vibaya. Chukulia kuna dijipita, kituo kinachopokea pakiti na kuirusha tena, juu ya vilima vya Ngong. Aliye Nairobi anaipata vizuri. Aliye Magadi, chini kwenye Bonde la Ufa, anaipata vizuri vilevile. Ila vilima vimekaa katikati yao, na hakuna anayemsikia mwenziwe. Kila mmoja akisikiliza anakuta kimya na kutuma, na pakiti mbili zinagongana kwenye antena ya kilimani. Redio ya FM ina tabia ya kumchukua mwenye nguvu na kumzika mnyonge, kwa hiyo pengine mmoja atapita, lakini atakuwa yuleyule kila mara. Sifa kubwa ya dijipita ya mlimani, kwamba inasikia mbali, ndiyo inayokusanya chini yake vituo vingi visivyosikiana. Klabu inayojivunia kilele chake kirefu kuliko vyote ijue kwamba imepanda pia kuelekea hali ya Hawaii.

Sasa tuone marudio yanavyozaana. AX.25, itifaki ya pakiti ya wanaredio wa ridhaa iliyotokana na X.25 na kuchapishwa kwa toleo la 2.0 mwaka 1984, iliruhusu pakiti ipitie dijipita hadi 8 mfululizo. Dijipita haitoi risiti. Risiti hutolewa na mpokeaji wa mwisho, nayo hulazimika kurudi njia nzima. Chukua dijipita 3, yaani hatua 4, na tuwe wakarimu tuseme kila hatua hufanikiwa mara 8 kati ya 10. Kwenda na kurudi ni hatua 8, na uwezekano wa zote kufanikiwa kwa pamoja haufiki asilimia 17. Kwa wastani utatuma kila pakiti mara 6 ndipo uipatie risiti, na katika majaribio yaliyoshindwa hewa imetumika vilevile, wakati mwingine hadi hatua ya mwisho kabisa. Ndiyo maana mwishoni mwa miaka ya 1980 wengi walihamia kwenye nodi za NET/ROM, ambako kila hatua ina risiti yake: kwa chaneli hiyohiyo, hatua moja na risiti yake hufanikiwa kwa asilimia 64, na wastani wa majaribio hauzidi 2. Toleo la AX.25 lililofuata, la 2.2, lilipunguza dijipita zinazoruhusiwa hadi 2. Ushauri wangu ni mfupi kuliko hesabu yake: ukitaka kuungana na kituo cha mbali na kuna nodi njiani, tumia nodi. Msururu wa dijipita uachie historia.

Jambo la pili ni subira, na hapa wanaredio wa ridhaa wana haki ya kujisifu kidogo. Kila kifaa cha pakiti kina saa inayohesabu: nisipopata risiti ndani ya sekunde fulani, nirudie. Kwenye TNC, kile kisanduku kinachokaa kati ya kompyuta na redio, mpangilio huo huitwa FRACK, na mara nyingi huja umewekwa sekunde 3 au 4. Chaneli ikiwa tupu, hizo zinatosha. Chaneli ikizidiwa, risiti haipotei, inachelewa tu ikingoja nafasi. Kituo kinaamini imepotea, kinarudia, na nakala mpya inaingia kwenye foleni ileile inayoichelewesha risiti. Intaneti yenyewe ilikwama hivyo mnamo Oktoba 1986, pale kasi kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilichoko jirani, umbali usiofika mita 400, ilipoporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Van Jacobson alichunguza mkwamo huo na kurekebisha namna kompyuta zinavyoongeza na kupunguza mzigo. Kipande kingine cha dawa kilitoka kwa Phil Karn, mwanaredio wa ridhaa mwenye alama ya wito KA9Q, aliyekuwa akipitisha itifaki za intaneti kwenye redio za pakiti. Mwaka 1987 yeye na Craig Partridge walieleza kwamba risiti inayofuata baada ya marudio haiaminiki kama kipimo cha muda, kwa kuwa hujui ni ya nakala ipi, na kwamba kila unaposhindwa uurefushe muda wa kungoja badala ya kung'ang'ania uleule. Kanuni hiyo sasa inafanya kazi ndani ya simu iliyo mfukoni mwako. Ingekuwa ajabu iwe imesahauliwa kwenye redio iliyo mezani kwako.

Kwa hiyo, kwenye chaneli yenye shughuli, ipandishe FRACK hadi sekunde 7 au zaidi, na kama programu yako ina uwezo wa kujirefushia muda kila inaposhindwa, iruhusu. Idadi ya marudio iwe na kikomo. Kwenye TNC nyingi za zamani ukiandika sifuri kwenye RETRY umeamuru kifaa kirudie bila mwisho, na kuna vituo vimewahi kulala usiku kucha vikimwita mtu aliyezima redio. Punguza pia MAXFRAME, idadi ya pakiti zinazotumwa kwa mkupuo kabla ya kungoja risiti. Katika AX.25 ya kawaida, ikipotea ya pili kati ya saba, ya pili na zote zinazoifuata hutumwa upya hata kama zilifika salama. Chaneli ikiwa mbovu, tuma moja moja. Na pakiti yenyewe iwe fupi, kwa sababu biti moja tu ikiharibika pakiti nzima hutupwa: baiti 128 zinafaa kwenye VHF, na kwenye HF, ambako kasi ni biti 300 kwa sekunde na hewa ina kelele, 40 hadi 60 zinatosha.

Kuna mpangilio mwingine mdogo ambao madhara yake hayalingani na udogo wake. TNC za mwanzo zilikuwa na muda maalumu wa kusubiri baada ya chaneli kutulia, ulioitwa DWAIT. Wengi waliuacha kama ulivyotoka kiwandani, kwa hiyo vituo vyote vilivyokuwa vikisubiri vilisubiri sawasawa na kuanza kutuma kwa pamoja, kama watu wawili waliokutana kichochoroni wanaopishana kila mara upande uleule. Dawa yake ni bahati nasibu. Katika KISS, mfumo wa kompyuta kuongea na TNC, kituo kinapokuta chaneli imetulia hurusha kete: kwa mpangilio wa kawaida, thamani ya 63, kina nafasi moja kati ya nne ya kutuma, na kikikosa husubiri milisekunde 100 kisha hurusha tena. Vituo vinavyotuma kwa pamoja vikifika kumi, moja kati ya nne ni pupa. Shusha thamani hadi 25 hivi, ambayo ni moja kati ya kumi. Utaona kama umechelewa kidogo. Ukihesabu pakiti zilizofika badala ya zilizotoka, utaona tofauti.

Marudio mengi hayatokani na programu kabisa, yanatokana na sauti mbaya. Mtu hununua kebo, huunganisha kompyuta na redio, hupandisha sauti ya kompyuta hadi mwisho kwa imani kwamba kubwa ndiyo bora, na kuanzia hapo kila pakiti yake inatoka imepasuka. Mwenye sikio huitambua: badala ya mlio mkali ulio safi, inasikika kama karatasi inayochanwa. Dijipita inaishika moja kati ya tatu, na mwenye kituo anatibu ugonjwa huo kwa kutuma mara tatu zaidi. Programu ya Dire Wolf huandika kiwango cha sauti cha kila pakiti iliyoipokea, kwa hiyo jirani mwenye programu hiyo anaweza kukuambia kwa dakika moja kama namba yako imepita za wengine wote. Shusha hadi ulingane nao. Baada ya hapo shughulikia TXDELAY, ule muda wa redio kuamka. Pakiti ya theluthi mbili za sekunde inayotanguliwa na nusu sekunde ya mlio usio na habari inapoteza zaidi ya asilimia 40 ya muda wake hewani. Ipunguze kidogo kidogo mpaka jirani aanze kukukosa, kisha rudisha hatua moja juu.

APRS inastahili kuzungumziwa zaidi, maana ndiko vijana wengi wanakoingilia siku hizi na ndiko marudio yanakotokea bila mtu kubonyeza chochote. Bob Bruninga, aliyeiasisi, alilalamika kwa miaka mingi kwamba watu wameigeuza chombo cha kuonyesha magari kwenye ramani, ilhali aliikusudia iwe njia ya watu wa eneo moja kujua yanayoendelea karibu nao sasa hivi. Pakiti za APRS hazina risiti isipokuwa ujumbe wa mtu kwa mtu, zinatawanywa tu. Ukiandika WIDE2-2 kwenye njia ya pakiti, umeomba kila dijipita inayoisikia iirudie, na kila dijipita inayosikia marudio hayo iyarudie mara moja zaidi. Tazama skrini ya kituo kilicho pahali pa wazi, uone pakiti moja ikiingia: kwanza kutoka kwa mtumaji mwenyewe, sekunde moja baadaye ikiwa na alama ya dijipita ya kwanza yenye kinyota, kisha ya pili, kisha nakala nyingine iliyozunguka upande wa pili wa mji. Habari ni ileile, gari limesimama sokoni. Hapo zamani ilikuwa mbaya zaidi. Kulikuwa na njia zilizoitwa RELAY na WIDE ambazo dijipita nyingi ziliziheshimu bila kukumbuka kwamba pakiti hiyo zilikwisha kuirusha, zikawa zinarudishiana zenyewe kwa zenyewe, na walikuwepo Marekani walioandika WIDE7-7 na kuyafurikisha majimbo kadhaa kwa habari ya gari moja. Mabadiliko aliyoyasukuma Bruninga katikati ya miaka ya 2000 yaliziondoa njia hizo na kuzifundisha dijipita kuzikata namba kubwa.

Piga hesabu ya mji wenye vituo 50. Kila kimoja kikijitangaza kila dakika, na kila tangazo likitoka mara 3 pamoja na nakala za dijipita, ni pakiti 150 kwa dakika kwenye chaneli yenye nafasi 60. Hakuna atakayesikika. Vikijitangaza kila dakika 10, ni 15, bado ni juu ya zile 11 za Hawaii. Kila dakika 30, ni 5, na chaneli inapumua. Nyumba haihami. Kituo kilichofungwa ukutani hakina sababu ya kutangaza mahali kilipo zaidi ya mara moja katika nusu saa. Gari linahama, lakini halihami kwa mwendo mmoja. Tumia SmartBeaconing au mbinu inayofanana nayo, ambayo hutuma mara kwa mara linapokata kona au kwenda kasi na kunyamaza linaposimama. Kuhusu njia, nyumba itumie WIDE2-1 mahali ambapo dijipita kubwa inaisikia, na gari WIDE1-1,WIDE2-1. Anayetaka tu kuonekana kwenye ramani ya intaneti anahitaji kusikiwa na geti moja la intaneti, kituo kinachounganisha redio na mtandao, basi. Na mwenye geti asimwage hewani kila kinachotoka mtandaoni. Apitishe ujumbe ulioelekezwa kwa vituo vilivyosikika jirani na kuziba mengine yote. Mwenye dijipita ndogo ya mtaani, ile ya kujazia pengo, aipe subira ya sekunde chache ili ikiona dijipita kubwa imekwisha irudia pakiti inyamaze.

Masanduku ya barua ya pakiti, BBS, yamepungua, lakini yanarudi hapa na pale, na kosa lao ni lilelile kwa sura nyingine: tangazo lililoelekezwa kwa dunia nzima hunakiliwa na kila sanduku kwa kila jirani yake. Picha ya baiti 60,000 kwa kasi ya 1200 inahitaji sekunde 400 hata kama hakuna kinachokwama, kwa kila hatua. Tangazo la kuuza antena Mwanza liishie Mwanza.

Kuna pingamizi tatu zinazostahili jibu la kweli. Ya kwanza ni kasi: kwa nini tusihamie biti 9600 kwa sekunde na kumaliza mjadala? Tuhamie, panapowezekana, lakini tusitarajie mara nane. Pakiti ya baiti 100 yenye milisekunde 300 za kuamka huchukua karibu sekunde nzima kwa 1200. Kwa 9600, data yenyewe huchukua sekunde 0.08, lakini redio bado inataka milisekunde zake 300, na jumla inakuwa 0.38. Umepata mara mbili na nusu. Faida iliyobaki imefungwa ndani ya redio inayoamka polepole na pakiti zilizo fupi mno kwa kasi hiyo. Na hata mara mbili na nusu hiyo italiwa upesi na vituo vinavyojitangaza kila dakika. Kuongeza wati ni hoja dhaifu zaidi: anayepandisha nguvu kwenye chaneli iliyojaa anawazika wanyonge kwenye FM, nao wanalazimika kurudia. Sheria za Marekani humtaka mwanaredio wa ridhaa atumie nguvu ndogo kadiri inayotosha mawasiliano anayoyataka, na hata pasipo sheria hiyo ni busara. Leseni, iwe ya TCRA ya Tanzania au ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, inakuruhusu kutumia bendi; haikukabidhi masafa.

Ya pili ni dharura. Siku ya mafuriko, husemwa, afadhali kurudia mara kumi kuliko ujumbe mmoja usifike. Namheshimu anayelisema hili, kwa kuwa anafikiria maisha ya watu. Ila siku ya mafuriko ndiyo siku ambayo kila kituo kitakuwa hewani kwa wakati mmoja, na tulikwisha kuona kinachotokea majaribio yanapofika mara mbili ya uwezo wa chaneli: kati ya nafasi mia, nne tu hupitisha pakiti salama. Bruninga alipendekeza njia ya kati kwa habari mpya: itume mara moja bila kuchelewa, irudie baada ya sekunde chache, kisha kila mara uzidishe muda kwa mbili mpaka ifikie mwendo wa kawaida. Habari inafika mapema na haikai ikipiga kelele. Ujumbe wa mtu kwa mtu uombewe risiti. Bikoni za nyumba, yale matangazo ya kila baada ya muda, zizimwe zote, na wasimamizi wa dijipita wakubaliane mapema nani atafanya hivyo na kwa amri ya nani. Mipangilio itakayokuwepo siku hiyo ndiyo hii iliyopo leo. Hakuna atakayepata nafasi ya kufungua menyu ya TNC maji yakiwa mlangoni.

Ya tatu inatoka kwetu zaidi kuliko Ulaya au Marekani: chaneli zetu ni kimya, vituo vinahesabika kwa vidole, msongamano uko wapi? Nakubali nusu. Mahali palipo na vituo vitatu, bikoni ya kila dakika 2 haimdhuru mtu, na pengine inamsaidia mgeni ajue kuna uhai. Lakini mipangilio hunakiliwa. Anayeanza leo huomba faili la mwenzake na kulitumia lilivyo, na miaka mitano baadaye mji una vituo 40 vyenye tabia ya vituo vitatu. Halafu ipo chaneli moja ambayo hata Mwafrika Mashariki aliye peke yake wilayani hushirikiana na maelfu. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu hubeba dijipita kwenye MHz 145.825. Kikiwa juu ya Nairobi, kilomita 400 na kitu kutoka ardhini, upeo wake unafika Khartoum kaskazini na Lusaka kusini, na kati ya vituo vilivyo chini yake karibu hakuna vinavyosikiana. Ni tatizo la Tobagi na Kleinrock lililotandazwa juu ya nchi kumi. Pito zima la kituo hicho juu ya anga yako halizidi sana dakika 10. Anayeacha redio yake ijitangaze hapo kila sekunde 30 akiwa kazini, bila mtu wa kusoma majibu, anakula nafasi za mwanafunzi aliyengoja pito hilo na antena ya mkononi. Kwenye masafa hayo, tuma ukiwepo, ukisikika mara moja shukuru, na uwaachie wengine dakika zilizobaki.

Limebaki suala la jirani ambaye mipangilio yake inawaumiza wengine. Usimsute hewani, kwanza atakuwa hasikilizi, kwa sababu waliosahau bikoni ya kila sekunde 20 aghalabu wamesahau redio pia. Mpigie simu, au mwendee, ukiwa na kipande cha kumbukumbu za saa moja kinachoonyesha pakiti zake, muda wa kila moja na nakala zilizotoka. Wengi hawajawahi kuiona orodha hiyo, kwa kuwa programu zao huonyesha ramani tu. Mwombe abadilishe kitu kimoja, kwa kawaida muda wa bikoni, na mpitie pamoja kumbukumbu za wiki inayofuata. Akikataa kabisa, mwenye dijipita ana uwezo wa kuizuia alama yake ya wito isirudiwe, na programu nyingi za dijipita hufanya hivyo kwa mstari mmoja wa mpangilio. Mstari huo uandikwe baada ya klabu kukaa na kukubaliana, mwenyewe aarifiwe kwa maandishi, na tarehe ya kuuondoa iwekwe siku hiyohiyo.